Ufizi Kwanza, Meno ya Bandia Baadaye: Kupandikiza Ufizi katika Kliniki za Uvira



Mgonjwa anayetufikia kutoka Kalundu, Kiliba au Sange huomba jino, haombi ufizi. Nasi, kwa kutaka kumridhisha, huchukua vipimo siku ileile. Miezi ikipita anarudi: sahani ya akriliki inamchubua, au daraja limeacha mwanya mweusi unaojaa chakula. Lawama humwangukia fundi wa meno, ilhali mara nyingi kasoro iko kwenye tuta la ufizi alilokabidhiwa.

Jino likishang'olewa, mfupa hunywea. Ndani ya miezi 12 upana wake huweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa hupotea katika miezi 3 ya mwanzo. Ufizi huufuata mfupa. Mwaka 1983 daktari wa meno Jay Seibert aliyagawa matuta haya mafungu matatu: lililopoteza upana, lililopoteza kimo, na lililopoteza vyote viwili. Kuyatambua kunataka macho na kidole tu. Fungu la kwanza ndilo linalotufaa zaidi. La tatu ni gumu, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajatoa hata faranga.

Pale sahani inapokalia utando laini unaosogea, tunakata kipande cha kaakaa pamoja na ngozi yake ya juu, unene wa milimita 1 hadi 1.5, kati ya chonge na gego la kwanza, tukijihadhari na ateri ya kaakaa, kisha tunakipandikiza hapo. Kikatwe kikubwa kuliko kinavyohitajika, maana kitasinyaa. Kwa pengo la mbele napendelea njia waliyoieleza madaktari wa meno Langer na Calagna mwaka 1980: tishu inachukuliwa chini ya ngozi ya kaakaa na kuingizwa katika mfuko uliofunguliwa kwenye tuta. Rangi hulingana, na kaakaa hushonwa likafungwa.

Ganzi, kisu namba 15, uzi mwembamba na taa nzuri vinatosha. Kazi ngumu ni kulituliza pandikizi. Siku mbili tatu za kwanza halina mishipa yake ya damu, linaishi kwa majimaji ya kidonda tu; ni kama mche wa mpunga uliohamishwa jana katika bonde la Ruzizi, ukitikiswa umekufa. Sahani ya muda ichongwe isiliguse kabisa.

Mgonjwa asukutue kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kamwe si ya ziwani, kipindupindu tunakijua. Ndagala wakavu wenye miiba wasubiri. Bugali laini lililopoa na sombe vinamfaa. Sigara aiache, la sivyo tuahirishe upasuaji.

Wenye uwezo huvuka kwenda Bujumbura. Siwalaumu, ila nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na mpaka ukifungwa katikati, nani atazitoa? Upasuaji huu ufanyike mgonjwa anapoishi. Meno ya kudumu yangoje wiki 8 angalau. Ya mbele, miezi 3.

Alasiri, katika mazoezi ya vitendo, tutaanza na koleo kabla ya kisu, kwa kuwa anayeng'oa jino bila kuvunja ukuta wa nje wa mfupa humpunguzia mwenzake kazi ya kupandikiza. Tutatumia taya za nguruwe. Wasiogusa nguruwe watapewa za mbuzi, ingawa mbuzi hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo zoezi la pengo la mbele watalifanyia kwenye meno ya pembeni.