HOTUBA KUHUSU UCHAGUZI WA ZANA ZA KUTENGENEZEA VIELELEZO VYA PROGRAMU ZA KOMPYUTA

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi wa Kibiti na delta ya Rufiji. Inachapishwa kwa manufaa ya wote.)



Programu ya kompyuta huanza kwa kielelezo. Kielelezo si kazi iliyokamilika. Ni jaribio la kutuonyesha makosa wakati kuyasahihisha kungali rahisi. Suala lililo mbele yetu ni hili: kitengenezwe kwa zana gani?

Eneo hili lina funzo lake. Kati ya mwaka 1996 na 2004, Kibiti ilipokuwa ingali sehemu ya Wilaya ya Rufiji, Wizara ya Afya ikishirikiana na shirika la IDRC la Canada iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Mradi huo ulibuni programu nyepesi za kugeuza takwimu za maradhi na za bajeti kuwa michoro ambayo maofisa wa afya wa wilaya waliisoma wenyewe. Ilidhihirika kwamba malaria ilipewa fedha kidogo kuliko madhara yake yalivyostahili, na mipango ikarekebishwa. Zana nyepesi iliyoeleweka ilitosha kubadili uamuzi.

Kwa hiyo, yapendekezwa hatua tatu.

Kwanza, karatasi. Kurasa za programu zichorwe kwa kalamu, apewe muuguzi anayejaza vitabu vya MTUHA kila siku. Akiuliza aandike wapi, kosa ni la mchoro wala si lake, na hasara ni karatasi moja tu.

Pili, jedwali la kompyuta. Hapo hupimwa hesabu: dawa zilizopokelewa, zilizotolewa na zilizobaki. Mtumishi wa wilaya aweze kulirekebisha bila kumngoja mtaalamu kutoka mbali.

Tatu, kielelezo cha simu kinachofanya kazi pasipo mtandao. Hiki kijaribiwe Salale na Kiongoroni, ambako safari ni ya chombo na hufuata maji kujaa na kupwa. Kielelezo kilichojaribiwa ofisini pekee, penye umeme na mtandao, hakijajaribiwa.

Aidha, tahadhari yahitajika. Kielelezo kinachopendeza macho huweza kudhaniwa kuwa kimekamilika. Kisitumike kutunza kumbukumbu halisi za wagonjwa kabla ya kuthibitishwa, na kikishindwa kiachwe bila kuonewa haya. Majuto ni mjukuu.

Ndugu wananchi, hili si jambo la mafundi peke yao. Hesabu ya dawa ikikosewa, mgonjwa huvuka mto kwa mtumbwi akakuta kabati tupu. Mtakapoletewa kielelezo, kijaribuni na mseme kasoro zake waziwazi.