Nani Atawasha Moto?

Somo: Yohana 21:9–14

Leo tuzungumze juu ya kazi za nyumbani, na ni nani apaswaye kuzifanya.

Simama jioni katika stendi ya Thika au ya Ruiru, uwatazame watu wakishuka kwenye matatu. Wengine wametoka viwandani, wengine katika mashamba ya kahawa na mananasi, wengine maofisini Nairobi. Wanaume kwa wanawake, wote wamechoka. Lakini wakifika nyumbani, mmoja huvua viatu na kuuliza chakula. Mwenzake huvua viatu na kuanza kazi ya pili: kuteka maji, kuwasha jiko, kuosha watoto, kufua sare za kesho.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2021 Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya lilichunguza jinsi watu wanavyotumia wakati wao. Lilikuta kwamba wanawake hutumia asilimia 18.7 ya wakati wao katika kazi za nyumbani na kutunza watu, kazi zisizo na mshahara. Wanaume hutumia asilimia 3.6. Piga hesabu kwa saa 24 za siku: mama ni karibu saa nne na nusu, na baba haifiki hata saa moja.

Na si jikoni tu. Mwaka 1970 Ester Boserup, mtaalamu wa uchumi kutoka Denmark, aliandika kitabu kuonyesha kwamba wanawake wa Afrika walibeba sehemu kubwa ya kilimo, na wapangaji wa maendeleo waliwapita bila kuwaona. Sisi wa Kiambu tuliyajua hayo. Mama alichuma kahawa, lakini mara nyingi hati ya shamba na malipo ya chama cha ushirika vilikuwa kwa jina la baba.

Basi utamsikia mtu akisema, "Ndivyo Mungu alivyotuumba. Jikoni si mahali pa mwanamume." Ndugu yangu, hebu tuulizane. Wakati wa ukoloni, katika nyumba za walowezi, ni nani aliyekuwa akipika? Mara nyingi alikuwa mwanamume. Dobi naye alikuwa mwanamume. Na leo ukiingia hotelini, ni nani anayechoma nyama? Tena ni mwanamume, wala hakuna anayemcheka. Kumbe sufuria haimchomi mwanamume anapopika kwa mshahara. Humchoma anapompikia mkewe! Hiyo si amri ya Mungu. Ni hofu ya majirani, wasije wakasema, "Yule amekaliwa na mke."

Hofu hiyo ina gharama kubwa. Viwanda vya nguo vya Kenya vilipoanguka katika miaka ya 1990, akina baba wengi walirudi nyumbani mikono mitupu. Mtu aliyefundishwa kwamba uanaume ni mshahara, mshahara ukienda hudhani utu wake nao umekwenda. Mama hutoka alfajiri kutafuta kibarua. Baba hubaki na watoto wenye njaa. Unga upo, maji yapo, makaa yapo, naye anangoja mama arudi. Jioni huenda kwenye pombe ili asiione aibu yake. Watoto wamemkosa mama kwa sababu yuko kazini, na wamemkosa baba ingawa yuko nyumbani.

Sasa tulitazame somo letu. Wanafunzi wamevua samaki usiku kucha na wamechoka. Wanapofika pwani wanakuta moto umekwisha kuwashwa, samaki na mkate viko tayari. Ni nani aliyewaandalia? Ni Bwana mwenyewe, aliyefufuka, aliyeshinda mauti! Hakuuliza hiyo ni kazi ya nani. Aliona watu wenye njaa, akawapa chakula. Je, ukuu wake ulipungua? La, hata hapo walijua kuwa ni Bwana.

Hata sheria ya nchi imeliona jambo hili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inazihesabu kazi za nyumbani na kulea watoto kuwa mchango katika mali ya mume na mke. Ikiwa hakimu aweza kuiona kazi ya mama, mume anayekula mezani pake ataachaje kuiona?

Baba unayenisikiliza, chagua kazi moja wiki hii, uifanye bila kungoja kushukuriwa. Mfundishe mwanao kuosha vyombo kama unavyomfundisha binti yako. Nawe mama mkwe, ukimkuta mwanao jikoni, usimkasirikie mkewe. Mshukuru Mungu kwamba ulimlea vema. Na wewe uliyepoteza kazi, sikia neno hili: hukuacha kuwa baba. Watoto wako bado wanakungoja uwashe moto.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewaandalia wanafunzi wako chakula, tuondolee kiburi na hofu ya maneno ya watu. Wape nguvu waliochoka, na heshima waliokata tamaa. Tufundishe kubebeana mizigo katika nyumba zetu. Amina.