Kosa ni la chombo au la mtumiaji?

Wiki hii nataka tuzungumzie programu moja ndogo ya kompyuta. Programu hiyo iliondolewa mtandaoni mwezi Oktoba 2020 kwa madai ya makampuni ya muziki ya Marekani, na baada ya siku 24 ikarudishwa. Jina lake ni youtube-dl. Najua wapo watakaosema, mambo ya kompyuta yanatuhusu nini sisi watu wa redio? Nawaomba subira kidogo.

Tuanze na aliyeitengeneza. Mwaka 2006 Mhispania mmoja, Ricardo García González, alikuwa akitumia intaneti ya modemu, ile inayopita kwenye waya wa simu, yenye kasi ya kilobiti 56 kwa sekunde. Wale waliowahi kukaa kwenye intaneti kafe za Dar es Salaam au Mombasa kabla ya mkongo wa SEACOM kufika mwezi Julai 2009 wanaijua vizuri adha hiyo. Video inaanza, inacheza sekunde tatu, inasimama. Unasubiri. Inacheza mbili, inasimama tena. Na saa ya mwenye kafe inakwenda, yenyewe haisimami hata kidogo.

Bwana huyu hakuwa akitafuta makubwa. Alitaka video iteremke yote, ikae kwenye kompyuta yake, kisha aitazame bila kukatizwa. Tena laini ikikatika njiani, upakuaji uendelee pale ulipoishia, usianze upya. Akaketi, akaandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Kwanza ilikuwa kwa ajili ya tovuti ya Metacafe, halafu, mwezi Agosti mwaka huo huo, kwa ajili ya YouTube. Unaipa anwani ya ukurasa, nayo inafanya mengine yenyewe: inausoma ukurasa, inatafuta mahali faili halisi ya video ilipo, inaipakua. Ukiipa orodha ya anwani mia moja jioni, ukaenda kulala, asubuhi unakuta kazi imekwisha.

Akaitoa bure, pamoja na maandishi yake yote, ili yeyote ajuaye aweze kuyasoma, kuyasahihisha na kuyaongeza. Na waliojua wakajitokeza. Kazi hiyo haina mwisho, maana kila tovuti inapobadilisha mpangilio wa kurasa zake, programu inakwama, na lazima mtu mahali fulani, pengine usiku baada ya kutoka kazini, akae atengeneze. Mwaka 2011 mwanzilishi aliwakabidhi wenzake usukani. Kufikia mwaka 2020 programu ile ilikuwa inaweza kupakua kutoka tovuti zaidi ya elfu moja.

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe. Tarehe 23 Oktoba 2020, RIAA, ambacho ni chama cha makampuni ya kurekodi muziki ya Marekani, kiliiandikia kampuni ya GitHub, iliyokuwa ikihifadhi maandishi ya programu hiyo, kikitaka iondolewe. Msingi wa madai ulikuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja kufuli zinazolinda kazi zenye hakimiliki. Chama kilisema YouTube ina kufuli, na youtube-dl inaivunja. Kikaongeza kwamba ndani ya maandishi ya programu kulikuwa na mifano ya majaribio yenye anwani za nyimbo za Taylor Swift, Justin Timberlake na Icona Pop. Hilo la pili, nikiri, lilikuwa uzembe wa watengenezaji. Mtu anayejua kwamba anatazamwa na wenye muziki haweki nyimbo zao mlangoni.

Lakini hiyo kufuli ni kufuli ya namna gani? Fikiria duka ambalo kila asubuhi hubadilisha neno la kuingilia, kisha likaliandika neno hilo kwa chaki ubaoni, nje ya mlango. Kila mteja analisoma, analitamka, anaingia. Ndivyo ilivyo kwenye YouTube. Ukurasa unaoletewa kompyuta yako unakuja na maelekezo ya kuipata video, na kivinjari chochote huyafuata, la sivyo usingeona kitu. Programu ile ilikuwa inayafuata maelekezo yale yale. Haikuiba ufunguo wa mtu. Hivyo ndivyo walivyojibu mawakili wa EFF, taasisi ya Marekani inayotetea haki za watu mtandaoni, katikati ya mwezi Novemba. Tarehe 16 Novemba GitHub ikairudisha programu, ile mifano ya nyimbo ikiwa imekwisha ondolewa, na ikatangaza mfuko wa dola milioni moja wa kuwasaidia watengenezaji wa programu huria watakaopata mashitaka ya namna hiyo.

Msinielewe vibaya. Mimi ni mtu wa redio, na wanamuziki ni ndugu zetu. Tuliona jinsi walivyonyonywa na kanda zilizodurufiwa na kuuzwa barabarani, mtunzi akibaki na jina kubwa na mfuko mtupu. Anayepakua nyimbo za watu akaziuza ni mwizi, na ashitakiwe. Hata anayepakua kwa matumizi yake tu anaweza kuwa anavunja masharti ya tovuti aliyoyakubali. Lakini je, wakati ule dawa ilikuwa kukataza redio kaseti?

Wamarekani wenyewe walikwisha lijibu swali hilo. Makampuni ya sinema yalipoishitaki Sony kwa sababu ya mashine zake za Betamax za kurekodi televisheni, shauri lilifika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na mwezi Januari 1984 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba mashine yenye matumizi mengi ya halali haiwezi kupigwa marufuku kwa sababu tu wapo wanaoitumia vibaya. Kura moja tu ndiyo iliyoamua. Ingeanguka upande wa pili, sijui video kaseti ingekuwa na historia gani.

Basi matumizi ya halali ya youtube-dl ni yapi? Hapa ndipo inapotugusa sisi waandishi. Mwezi ule ule wa Oktoba 2020 taasisi ya Freedom of the Press Foundation ilieleza kwamba waandishi wa habari wanaitegemea programu hiyo kuhifadhi ushahidi: video ya askari akimpiga raia, video ya kiongozi akisema jambo atakalolikana kesho. Kitu kilichoko mtandaoni leo si lazima kiwepo kesho. Mwaka 2017 mitambo ya YouTube yenyewe, katika kusaka video za magaidi, ilifuta video kwa maelfu zilizopigwa na raia wa Syria kuonyesha mabomu yaliyokuwa yakiwaangukia. Kundi la Syrian Archive lilikuwa limekwisha zipakua nyingi mapema. Bila nakala hizo, pengine kilichobaki kingekuwa ni neno la mwathirika dhidi ya neno la mwenye ndege.

Kuna watakaosema kwamba siku hizi YouTube yenyewe ina njia ya kuhifadhi video kwenye simu. Ni kweli, na kwa mtu wa kifurushi kidogo ni msaada. Lakini nakala hiyo inakaa ndani ya programu yao, chini ya mamlaka yao. Video ikiondolewa kule, na kwako haichezi tena. Hiyo si maktaba, hiyo ni kuazima.

Mimi nina sababu yangu ya kulitilia uchungu jambo hili. Nilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, mikanda ilikuwa haba. Mahojiano yakisharuka hewani, mkanda unafutwa, unarekodiwa mengine. Nilimhoji mzee mmoja mpiga zumari, akanipigia kwa dakika kumi hivi, akasimulia na nani alimfundisha. Alipofariki, wanawe walikuja studio kuomba sauti ya baba yao. Niliwatolea mkanda wenye lebo ya jina lake. Ndani yake kulikuwa na matangazo ya mpira.

Vita yenyewe haijesha kwa uamuzi wa GitHub. Huko Ujerumani, makampuni makubwa ya muziki yaliishitaki kampuni ya Uberspace, ambayo kosa lake lilikuwa kuhifadhi ukurasa tu wa youtube-dl, wala si programu yenyewe, na mwezi Machi 2023 mahakama ya Hamburg ikawapa ushindi wenye muziki. Hukumu hiyo mimi naiona kama kumfunga mwenye nyumba kwa sababu mpangaji wake anauza panga. Wakati huo, watengenezaji wengine walikuwa wamekwisha chukua maandishi yale yale, yaliyo huru kwa kila mtu, wakaanzisha programu nyingine iitwayo yt-dlp, yenye kasi zaidi.

Katika chumba chetu cha habari ipo kompyuta moja kuukuu ambayo kijana wetu wa mitambo aliiokoa isitupwe. Kila usiku, watu wakishaondoka na laini ikawa nyepesi, inaamka yenyewe na kupakua hotuba na mikutano ya hadhara iliyowekwa mtandaoni siku hiyo. Usiku wa kuamkia jana ilipakua faili kumi na moja. Asubuhi, nilipokwenda kuzitafuta kule zilikotoka, mbili zilikuwa hazipo tena.