Picha ni Shahidi wa Mtoto Anayedhulumiwa

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali.)



Nimeombwa nizungumze juu ya sanaa ya picha na madhara wanayotendewa watoto. Huenda wapo watakaouliza mambo hayo mawili yana uhusiano gani. Swali hilo ni halali, kwa maana wengi wetu tumezoea kuiona picha kuwa ni pambo la ukutani. Nia yangu ni kueleza kwamba picha yaweza kuwa shahidi, tena shahidi asiyetishika wala kuhongeka. Lakini ushahidi wake haukamiliki mpaka uambatane na maelezo ya kweli, na mpaka wapatikane watu wenye mamlaka watakaoushughulikia.

Mfano wangu nautoa Marekani ya mwanzo wa karne ya ishirini. Sensa ya nchi hiyo ya mwaka 1900 ilihesabu watoto wapatao 1,750,000, wenye umri wa miaka 10 hadi 15, waliokuwa wakifanya kazi za ujira. Walikuwako mashambani, migodini, katika viwanda vya nguo, vya vioo na vya kusindika samaki. Wenye viwanda waliwapenda watoto kwa sababu ujira wao ulikuwa mdogo na kuwatisha ilikuwa rahisi. Wazazi, kwa kubanwa na umaskini, walitia sahihi vyeti vyenye umri wa uongo. Na wakubwa wenye kushiba walisema kwamba kazi humjenga mtoto na kumwepusha na uzururaji. Basi dhuluma ikavaa joho la malezi mema.

Mwaka 1904 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kupinga Kazi za Watoto. Kamati hiyo iliandika taarifa nyingi, lakini mwenye kiwanda aliposimama akasema kwamba kwake hakuna watoto, neno lilipambana na neno, na neno la tajiri ndilo lililokuwa zito. Ndipo mwaka 1908 Kamati ikamwajiri Lewis Hine, aliyekuwa mwalimu wa shule mjini New York. Yafaa tulikumbuke jambo hilo sisi tulio walimu: aliyeichukua kamera akaingia nayo viwandani alitoka katika kazi yetu. Naye mwenyewe, katika ujana wake, alikuwa ameionja kazi ya kiwandani.

Wenye viwanda hawakumkaribisha. Mara nyingine alijifanya muuza Biblia, mara nyingine muuza kadi za posta, mara nyingine mpiga picha wa mashine. Urefu wa mtoto aliupima kwa vifungo vya kizibao chake, akijua kila kifungo kiko kimo gani toka sakafuni. Majina, umri na muda wa kazi aliviandika kwa siri, mkono ukiwa ndani ya mfuko. Kwa hiyo kila picha ilitoka na maelezo yake, na aliyetaka kuikanusha ilimbidi akanushe mambo mengi kwa mara moja.

Hebu tuzitazame picha zake tatu. Ya kwanza aliipiga mwaka 1908 huko Lancaster, South Carolina. Inaonyesha mtoto wa kike kando ya mstari mrefu wa mashine za kusokota pamba. Maelezo yanasema urefu wake ni inchi 48, na kwamba amekwisha fanya kazi kwa nusu mwaka. Hapana damu wala kiboko katika picha hiyo. Madhara yanaonekana katika vipimo: mashine imeundwa kwa mtu mzima, na mwili uliowekwa mbele yake ni wa mtoto. Jicho linapofanya hesabu hiyo, hoja kwamba kazi humjenga mtoto inaanguka yenyewe.

Ya pili ni ya South Pittston, Pennsylvania, Januari 1911. Ni wavulana waliokuwa wakichambua mawe toka katika makaa, wamekaa safu kwa safu, wameinamisha migongo, na vumbi limewafunika. Hine alieleza kwamba wakati mwingine vumbi lilikuwa zito hata likazuia macho kuona, na kwamba mara nyingine mnyapara alisimama juu yao akiwadukua na kuwapiga mateke. Ukiitazama picha hiyo unalazimika kuwaza juu ya mapafu ambayo huyaoni. Hiyo ndiyo kazi ya sanaa: kwa kile kinachoonekana, inamwongoza mtazamaji kwenye madhara yaliyofichika.

Ya tatu ni ya North Pownal, Vermont, mwaka 1910. Msichana mwembamba, miguu mitupu, vazi lenye madoa, ameegemeza mkono kwenye mashine na kuitazama kamera moja kwa moja. Wenzake walisema ana miaka 10. Mwenyewe alisema 12. Alieleza kwamba alianza kazi wakati wa likizo ya shule, na kwamba sasa atabaki. Ndugu walimu, tulitafakari neno hilo, atabaki. Katika shule fulani palikuwa na dawati lililobaki tupu baada ya likizo, na haikuonekana ajabu. Msichana huyo halii wala haombi sadaka. Anasimama kama mtu anayekudai jibu, na kwa sababu hiyo hatuwezi kumpa huruma tu tukaenda zetu.

Je, picha hizo zilishinda? Hapa tusidanganyane. Zilionyeshwa katika magazeti, mihadhara na maonyesho, na zilisaidia kuwaamsha wananchi. Mwaka 1912 Serikali ya Marekani iliunda Idara ya Watoto. Mwaka 1916 ilipitishwa sheria ya kuzuia bidhaa za viwanda vilivyoajiri watoto wa chini ya miaka 14 zisiuzwe toka jimbo hadi jimbo. Lakini mwaka 1918 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliibatilisha. Sheria iliyodumu ilipatikana mwaka 1938, miaka 30 tangu Hine aajiriwe, na Mahakama iliithibitisha mwaka 1941. Hine alikuwa amefariki mwaka 1940, katika umaskini. Kidole kimoja hakivunji chawa. Picha ilifungua macho, lakini kazi ilikamilishwa na vyama vya wafanyakazi, akina mama, walimu, wakaguzi na watunga sheria.

Yale ya Marekani yanatuhusu vipi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi zenye kumdhuru. Tena leo mtu hahitaji kujifanya muuza Biblia ili apige picha. Kamera imo katika simu ya kila mmoja wetu. Lakini wingi wa kamera umeleta hatari yake. Mtoto aliyepigwa au kunajisiwa hupigwa picha, na picha hiyo husambazwa toka simu hadi simu, uso wake ukiwa wazi, hata kabla hajafikishwa hospitali. Wanaoisambaza hudai kwamba wanakemea uovu. Kwa kweli wanamdhuru mtoto mara ya pili, naye atakutana na picha hiyo shuleni, sokoni, hata siku ya posa yake. Macho hayana pazia, lakini mkono unaosambaza una akili ya kuuongoza.

Tofauti yake na kazi ya Hine ni dhahiri. Yeye aliikusanya picha pamoja na umri, kipimo, mahali na tarehe, akaipeleka kwa watu waliokuwa wakipigania sheria. Na hata yeye hakuliondoa swali lote. Mwaka 1998 Posta ya Marekani iliichapa sura ya yule msichana wa North Pownal kwenye stempu. Mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1993. Stempu hiyo hakuiona. Taifa zima lilimfahamu kwa uso, naye hakuulizwa. Hapana budi sisi tuulize mapema zaidi.

Kwa hiyo, mwalimu anayeona alama za kipigo kwenye mwili wa mwanafunzi, au anayekuta katika daftari la kuchora mambo yanayotia shaka, asiyapeleke kwenye mazungumzo ya wakubwa wala kwenye simu za marafiki. Aandike tarehe na alichokiona, kisha ampelekee ofisa wa ustawi wa jamii au polisi. Na mtumishi anayepokea taarifa hiyo aelewe kwamba jalada lililolala mezani kwake ni sawa na picha iliyogeuzwa uso ukutani. Shahidi amekwisha sema. Kinachosubiriwa ni kazi yetu.