Kabla ya Kuingia Porini Kuwinda

Kijana wa Niemba, kwenye reli ya Kalemie kwenda Kabalo, akitaka kuanza kuwinda, mara nyingi hutafuta upanga na mbwa kwanza. Aanze na kibali. Sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 ndiyo inayosimamia uwindaji nchini Kongo, na imeweka orodha ya wanyama waliolindwa kabisa. Sokwe yumo.

Baada ya hapo, amfuate mzee anayejua nyayo. Alama ya kwato ya funo yenye kingo kali na udongo ulio bado mbichi ni ya muda mfupi uliopita. Iliyojaa majani makavu na kukatizwa na njia ya siafu ni ya zamani. Ukiona kwato ndogo kando ya kubwa, huyo ni mama na mtoto wake. Aachwe. Akiuawa, vimekwenda vizazi viwili kwa siku moja.

Kuchoma pori ili wanyama watoke, au kutega kwa sumu, ni hatari kwa mashamba na kwa walaji wenyewe.

Na mzoga uliokutwa njiani hauokotwi, hata ukiwa bado na joto. Ugonjwa wa mpox uligunduliwa kwa binadamu mara ya kwanza hapa hapa Kongo, mwaka 1970, na kugusa damu ya mnyama mgonjwa ni njia mojawapo ya kuupata. Mwenye kidonda mkononi asichune nyama.

Kaskazini mwa Kalemie, milima ya Kabobo ni hifadhi. Huko bunduki na mitego haviingii.