KOMPYUTA YA LINUX INAPOSHINDWA KUFUNGUKA BAADA YA KUSASISHWA

Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Wilaya ya Mafia



Kompyuta iliyozimwa jioni ikiwa nzima, na asubuhi ikashindwa kufunguka, huitia ofisi fadhaa. Taa yake inawaka, feni inazunguka, lakini kwenye kioo pana giza tupu au maandishi ya Kiingereza yasiyosogea. Ndipo mtumishi anapokumbuka kwamba jana yake mashine iliomba ruhusa ya kusasisha programu, naye akaridhia. Saa hiyo hiyo hujitokeza mtu mwenye shauri baya kuliko yote: kwamba mfumo umekufa na hauna budi kupigwa upya. Shauri hilo likifuatwa kwa pupa ndilo linalofuta daftari la zahanati, hesabu za mapato ya kijiji na barua za miaka mingi, ilhali sasisho lenyewe kwa kawaida halikugusa hata kimojawapo.

Maelezo haya yanahusu kompyuta zinazoendeshwa kwa Linux, hasa za aina ya Ubuntu, na yametolewa kwa kuwa Mafia ni kisiwa. Fundi aitwaye kutoka Dar es Salaam atapanda ndege, au atakwenda hadi Nyamisati na kuvuka bahari mpaka Kilindoni, na wakati wa kusi bahari huchafuka. Wala hawezi kuitengeneza mashine kwa njia ya mtandao akiwa huko huko aliko, maana kompyuta isiyofunguka haina mtandao. Dunia nzima ililiona jambo hilo tarehe 19 Julai, 2024, kampuni ya CrowdStrike iliposambaza sasisho lenye kasoro na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikagoma. Dawa ilikuwa kufuta faili moja tu, lakini kwa mashine nyingi ilibidi mtu afike na kuketi mbele ya kibodi. Linux nayo imepatwa na mikasa ya namna hiyo. Mwishoni mwa Julai 2020 sasisho la usalama la Red Hat liliziacha baadhi ya kompyuta bila uwezo wa kuanza. Na Agosti 2024 sasisho la Windows liliwafungia Linux baadhi ya watu wenye mifumo miwili ndani ya kompyuta moja. Mara zote hizo kilichovunjika kilikuwa mlango wa kuingilia. Nyaraka zilikuwa bado zimo chumbani.

Yafaa ieleweke kwamba kompyuta hufunguka kwa kupokezana. Huanza programu iliyotiwa kiwandani, ambayo huiita programu ndogo iitwayo GRUB. GRUB hukipakia kiini cha Linux pamoja na furushi dogo la kuanzia, ambalo mafundi huliita initramfs. Kiini, kwa msaada wa furushi hilo, hulitafuta diski na kulifungua. Kisha huduma nyingine huamshwa moja baada ya nyingine hadi mtumiaji anapoulizwa neno la siri. Kazi ya kwanza ya mtu aliye mbele ya mashine ni kutambua mpokezano ulikatikia wapi.

Hatua inayookoa mashine nyingi ni nyepesi, nayo haifahamiki na wengi. Ubuntu inapoleta kiini kipya, kwa kawaida haikifuti kile kilichotangulia. Mtumishi aizime kompyuta, aiwashe, na mara nembo ya kiwanda inapoonekana abonyeze Esc. Kwa mashine za zamani ashikilie Shift. Yatatokea majina machache kwenye kioo. Achague mstari wa "Advanced options for Ubuntu", na ndani yake achague kiini chenye namba ndogo kuliko cha juu, kisicho na maneno "recovery mode". Mashine ikifunguka kwa kiini hicho, imekwisha julikana kwamba diski ni zima, nyaraka zipo, na ugonjwa uko katika kiini kipya au furushi lake. Kazi za siku hiyo zaweza kuendelea. Kabla ya yote, hata hivyo, nyaraka zinakiliwe kwenye flashi au diski la nje.

Kwa nini kiini kipya kigome? Sababu mbili zastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa zinahusu mazingira ya kisiwani.

Ya kwanza ni umeme kukatika katikati ya kazi. Watu wengi hulaumu intaneti, lakini mtandao ukikatika wakati wa kupakua hauleti madhara: mfumo hukusanya kwanza vifurushi vyote, huvikagua, ndipo huanza kuvifungua. Hatari iko katika dakika zinazofuata, wakati faili za zamani zinapobadilishwa kwa mpya. Umeme ukiondoka hapo, mashine hubaki nusu ya zamani na nusu mpya. Katika hali hiyo achaguliwe mstari wa "recovery mode", na katika orodha itakayotokea achague "dpkg", ambao huendeleza kazi iliyoachwa njiani. Aliyefanikiwa kuingia kwa kiini cha zamani aandike amri hii: sudo dpkg --configure -a. Ikimalizika, aandike: sudo apt --fix-broken install.

Ya pili ni kujaa kwa sehemu ya diski iitwayo /boot. Katika kompyuta ambazo diski lake limefungwa kwa siri, sehemu hiyo hutengwa peke yake na huwa ndogo. Kila kiini kipya huchukua nafasi humo, na siku nafasi inapokwisha, furushi la kuanzia huandikwa nusu au halipatikani kabisa. Dalili yake ni maneno "Kernel panic" pamoja na "Unable to mount root fs". Maneno hayo hutisha, na wako waliotupa diski zima kwa sababu yake, kumbe maana yake ni kwamba kiini kimeanza bila kuiona njia ya kulifikia diski. Baada ya kuingia kwa kiini cha zamani, amri df -h /boot huonyesha nafasi iliyobaki, na sudo apt autoremove huondoa viini vilivyopitwa na wakati. Asifute mtu faili za /boot kwa mkono wake. Nafasi ikipatikana, sudo update-initramfs -u -k all hutengeneza mafurushi upya, kisha sudo update-grub huandika orodha ya kuanzia.

Dalili nyingine hazihitaji maneno mengi. Kioo kikibaki cheusi wakati sauti ya mashine inaonyesha kuwa inafanya kazi, mara nyingi tatizo ni programu ya kuendesha kioo. Maneno "emergency mode" huonyesha diski au sehemu yake iliyoandikishwa kwenye faili /etc/fstab haikupatikana. Pengine ni diski la nje lililochomolewa tu. Lakini pakitokea "grub rescue>", mtumishi asiendelee. Hapo GRUB yenyewe imepoteza faili zake, na kazi hiyo ni ya fundi.

Kuna tatizo la lugha pia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na ilikuwa kazi ya kujivunia. Hata hivyo maneno yanayotoka kwenye kiini chenyewe yangali ya Kiingereza, na mtumishi asiyeyaelewa humwambia fundi kwa simu kwamba "imeandika vitu vingi". Fundi hawezi kufanya lolote kwa maelezo hayo. Maneno ya mistari ya mwisho yanakiliwe herufi kwa herufi, au yapigwe picha kwa simu, pamoja na namba ya kiini kilichogoma na ya kile kilichokubali; ya hicho kilichokubali hupatikana kwa amri uname -r. Orodha ya vilivyosasishwa imo katika faili /var/log/apt/history.log, nayo imeandikwa tarehe na saa.

Ikiwa hakuna kiini kinachokubali, bado nyaraka zaweza kutolewa. Flashi iliyotiwa Ubuntu huiwasha kompyuta bila kugusa diski la ndani, mradi mtu achague "Try" na si "Install". Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya kuziokoa kumbukumbu na kuzifuta. Flashi ya namna hiyo itengenezwe sasa, wakati mashine ni nzima, kwa kuwa haitengenezwi kwa kompyuta iliyogoma.

Watumishi wa Serikali wanakumbushwa kumpa taarifa Afisa TEHAMA kabla ya kuandika amri yoyote katika kompyuta ya ofisi. Kusasisha kusiachwe, kwa kuwa mashine isiyosasishwa hubaki wazi kwa wezi wa mtandao. Ila kufanyike asubuhi ya siku ya kazi, kompyuta ndogo ikiwa na chaji na ile ya mezani ikiwa imeunganishwa na betri ya akiba, na nakala za nyaraka zikiwa nje ya mashine. Ofisi yenye kompyuta kadhaa isasishe moja kwanza, iiwashe upya, na izisasishe nyingine baada ya siku mbili tatu. Neno la siri la diski lililofungwa liandikwe, litiwe ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri, na lihifadhiwe katika kasha la fedha la ofisi. Pasipo neno hilo, fundi aliyevuka bahari hatazifikia nyaraka hata diski likiwa zima.