Pipi ya Kijiti Iliyozaa Mswaki

Kipindi cha leo mmenilazimisha ninyi wenyewe, wasikilizaji wangu. Tangu Januari 2026, picha za ile pipi ya kijiti inayopiga muziki zilipotoka kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki kule Las Vegas, simu yangu haijapumzika. Kwa wasioiona: unaiuma kwa magego na wimbo unausikia wewe peke yako. Jirani yako kwenye daladala anakuona tu unatikisa kichwa, anadhani umepagawa. Nyimbo zenyewe ni za akina Akon. Bei ni dola 8.99, na pipi ikiisha, imeisha. Mnaniuliza: jamani, binadamu amefika huku?

Binadamu alifika huko zamani. Mwaka 1998 kampuni ya Hasbro ilikuwa sokoni na pipi ya kijiti iliyoitwa Sound Bites, kazi ya wabunifu Andrew Filo na David Capper. Kanuni ni ile ile: mtetemo unapita kwenye jino, unaingia mfupa wa taya, unafika sikio la ndani bila kupitia tundu la sikio. Ziba masikio kwa vidole sasa hivi, halafu imba wimbo kwa kuguna, mdomo umefunga. Umesikia unavyovuma? Basi ndio huo. Na wala hawakuishia kwenye pipi. Miaka kadhaa baadaye ujanja huo huo uliingizwa kwenye mswaki wa watoto, Tooth Tunes, uliopiga wimbo dakika mbili ili mtoto asugue meno dakika mbili.

Pipi ikawa mswaki. Likumbukeni hilo, maana lilishatokea mara moja kabla yake, na kwa fedha ambazo nikizitaja mtasema nimeongeza sifuri.

Twende Virginia, Marekani, miaka ya 1980 inaelekea ukingoni. Kuna wasambaza barua wawili, Tom Coleman na Bill Schlotter. Watu wa posta hasa, wa kutembea na mfuko. Usiku wa Halloween, tarehe 31 Oktoba, watoto wa kule huvaa kama majini na kupita mlango kwa mlango wakidai pipi. Kukapita mtoto ameshika kile kijiti cha plastiki kinachotoa mwanga. Wale mabwana wakatazamana: kwa nini mwanga huu usiwe ndio kijiti cha pipi? Wakatengeneza pipi inayong'aa gizani. Haikutosha. Wakaja na nyingine: pipi inayojizungusha yenyewe!

Jina lake Spin Pop. Ni mpini wa plastiki, ndani mna mota ndogo, gia na betri. Unachomeka pipi kileleni, unabonyeza kitufe, pipi inazunguka. Wewe ulimi unautoa nje na kuuacha hapo hapo; kazi nyingine ni ya mota. Yaani mtu amechoka mpaka kulamba! Fundi mitambo wangu hapa kwenye kioo anacheka, lakini kitu hicho kiliuzwa kwa mamilioni.

Aliyekitia sokoni ndiye mtu wangu wa leo, John Osher wa Ohio, mwenye kampuni ya vitu vya watoto, Cap Toys. Mwaka 1997 aliiuza kwa Hasbro. Mwingine angekwenda kuvua samaki. Osher aliungana na watu watatu, John Nottingham, John Spirk na Lawrence Blaustein, wakawa wanazunguka kwenye maduka ya Walmart, rafu kwa rafu, wakitafuta kitu cha kufanya. Wakafika kwenye miswaki. Ya kawaida ilikuwa dola mbili tatu. Ya umeme, dola 50 na kuendelea.

Hapo ndipo napapenda, mniache nipaeleze taratibu. Mswaki wa umeme ni nini? Mpini, mota, betri, na kitu kinachozunguka mdomoni. Sasa nani alikuwa amekwisha tengeneza mota ya kuzungusha kitu mdomoni, ya bei ya chini kiasi cha kuuzwa pamoja na peremende, inayostahimili mate, sukari na kuangushwa sakafuni na mtoto wa miaka sita? Kampuni za miswaki, na wahandisi wao wote, hazikuwa nayo. Muuza pipi alikuwa nayo.

Wakakaa mwaka mmoja na nusu hivi kwenye kazi hiyo. Wakapata mswaki wa dola 5, betri zimo ndani. Na wakaongeza ujanja mwingine kutoka duka la vitu vya watoto: pakiti yenye nafasi ya kupitishia kidole, unabonyeza mswaki ungali kwenye rafu, unausikia ukinguruma. Nani amewahi kujaribu mswaki kabla ya kuulipia? Maana yake betri ilibidi ihimili vidole vya kila mpita njia, na bado imfae atakayenunua. Wakauita SpinBrush. Mwaka 2000 waliuza kama milioni 10.

Procter & Gamble, hao hao wa Pampers na Ariel, walikuwa na uchungu wao: dawa yao ya meno, Crest, ilikuwa imepitwa na Colgate nchini Marekani mwaka 1998. Januari 2001 wakaununua ule mswaki. Malipo ya kwanza dola milioni 165, nyingine zifuate kadiri utakavyouzika kwa miaka mitatu. Ukauzika mno, hata mwaka 2002 wakaamua kumaliza hesabu mapema. Jumla, dola milioni 475.

Milioni mia nne sabini na tano! Kwa mota ya pipi!

Kabla sijaendelea, kuna ujumbe hapa wa mama mmoja wa Tanga, ameuandika kwa hasira: "Mtangazaji, hao si wezi? Wanamuozesha mtoto meno kwa pipi, kisha wanamuuzia mzazi mswaki." Mama, sina la kukujibu. Hata mimi jambo hilo linanichekesha na kuniudhi kwa wakati mmoja.

Na kuna mzee wa Moshi kapiga simu, ananigombeza kwamba nawasifu sana wale wa posta. Anasema wazo kila mtu analo. Kazi ni kulifikisha dukani, na Osher ndiye aliyelifikisha. Mzee wangu, shikamoo, lakini tubishane kidogo. Hataza ya pipi inayozunguka ina majina ya Coleman na Schlotter. Habari za biashara zilizoandikwa baadaye zimejaa jina la Osher. Nampenda Osher, nimetumia nusu ya kipindi kumsimulia. Ila pasingekuwa na watu wawili waliochoka kutembea na barua wakawaza ulimi wa mtoto usichoke, yeye kwenye rafu ya Walmart angeona miswaki tu. Msimamo wangu ndio huo, na simu ziko wazi.

Mswaki wenyewe? P&G walipoinunua Gillette, nayo yenye miswaki yake, mwaka 2005, SpinBrush ilibidi iuzwe, ikaenda kwa Church & Dwight kwa sehemu ndogo ya bei ile. Mwaka 2012 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikatoa onyo kwamba kichwa chake kiliweza kuchomoka kikiwa mdomoni na kuvunja meno.

Namalizia na la nyumbani. Vipipi na vitu vya kuchezea vyenye taa na muziki vimejaa madukani kwetu, na vingi vina betri za duara, bapa, kama zile za saa ya mkononi. Mtoto akiimeza, msisubiri itoke kwa choo. Ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Mkimbizeni hospitali papo hapo, na pakiti mwende nayo, daktari aione ni betri gani.